Premio au Golf kwa foleni za Kampala?

Ndugu, umeuliza ipi itavumilia zaidi: Volkswagen Golf 1.4 TSI (injini ya petroli yenye turbo) au Toyota Premio. Gari dogo la kwetu Uganda bado halipo sokoni; kampuni ya Kiira wanaunda mabasi, Jinja. Chukua Premio ya injini 1NZ-FE (ya lita 1.5), spea zake zimejaa soko la Kisekka. Golf nyingi za aina hiyo zina gia boksi ya otomatiki ya DSG ya gia 7, yenye klachi mbili kavu. Kwenye foleni, ukisogea na kusimama, klachi hizo hupata joto na kuchakaa mapema. Utahisi mtetemo gia ya 1 na ya 2. Ukiing'ang'ania Golf, ijaribu polepole mlimani dakika 20 kabla ya kulipa. Premio nayo si malaika: badilisha oili kila kilomita 5,000, la sivyo cheni ya injini italia kila asubuhi.