Jibu: Muziki wangu wa jukwaani unameza maneno kwenye filamu

Salaam mkuu. Nilivyokuelewa: umetungia maigizo hapo Bagamoyo, sasa umepewa filamu fupi, na muziki unafunika mazungumzo, halafu kadiri filamu inavyosonga muziki unaachana na picha. Unauliza pia kama mtu wa jukwaani anaweza kutungia filamu, na utoze bei gani.

Anza na hilo la kuachana. Muulize mhariri kama mradi wake uko kwenye kilohezi 48 (yaani sampuli 48,000 za sauti kila sekunde), ambayo ndiyo desturi ya filamu. Ukimpa faili la kilohezi 44.1, kipimo cha CD, linaweza kuleta balaa hilo. Kisha hakikisha uhariri wa picha umekwisha kabisa. Akikata sekunde 2 baada ya wewe kutunga, kila kilichofuata kinahama.

La kufunika maneno ni tabia tunayotoka nayo jukwaani. Pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, mpigaji akiona mwigizaji anavuta pumzi, analegeza mkono kwenye ngoma. Kwenye filamu mwigizaji hakusikii! Andika kila mazungumzo yanapoanza na kuisha, dakika na sekunde, utunge kwenye mapengo. Mimi watu wakiongea naondoa marimba, nabakiza zeze kwa mbali, au kimya. Waongozaji wengi wanaogopa kimya, mbane wako.

Na hapana, jukwaa halikufungii skrini. Mtunzi wa Marekani Philip Glass alivuma na opera mwaka 1976, akatungia filamu nyingi, na 2013 bado alikuwa anatoa opera mpya.

Kabla ya kukabidhi, sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania. Bei waachie wazoefu wa humu wakujibu.