Mawazo mabaya nimeyapangia saa yake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni mazoea gani ya kila siku yanayokusaidia kuyadhibiti mawazo hasi?" Mimi nimeyapangia muda. Kila siku saa kumi na moja jioni nakaa na daftari, nayaacha yaje yote. Yakibisha hodi saa nyingine yoyote, nayaambia yasubiri jioni.

Wengi wetu tumekua tukisikia ushauri mmoja tu: "Achana na mawazo hayo." Anayetuambia hivyo anatutakia mema, ila anatuagiza jambo ambalo akili hailiwezi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwataka watu waseme kila kinachowapitia kichwani, lakini wasimfikirie dubu mweupe. Akiwajia, wapige kengele. Kengele zililia tena na tena. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, dubu huyo aliwajia kwa wingi kuliko alivyowajia wenzao ambao hawakuwa wamekatazwa kwanza. Wegner alieleza kwamba ili uhakikishe huliwazi jambo fulani, sehemu ya akili lazima ibaki macho ikilitafuta jambo hilohilo. Sasa mtoe dubu, weka hofu ya kupoteza kazi, au neno la dharau ulilotupiwa na ndugu yako.

Kuahirisha ni kitu kingine kabisa. Wazo halijafukuzwa, limepewa ahadi, na akili hutulia kidogo inapojua kwamba jambo lake litasikilizwa. Njia hii si yangu. Mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake waliiandika mwaka 1983 kwa ajili ya watu wenye wasiwasi usiokoma: chagua nusu saa, iwe wakati uleule na mahali palepale kila siku, na wasiwasi wote wa mchana uusogeze hapo. Mahali pana uzito wake. Sikai kitandani hata siku moja, kwa maana kitanda ukikizoesha kuwaza, kitakuamsha saa nane usiku mwendelee. Wala siweki muda huo karibu na kulala.

Mchana natembea na kipande cha karatasi. Wazo likija, naandika maneno mawili matatu tu, "barua ya benki" au "kikohozi cha mama", kisha narudi kwenye shughuli yangu. Mwanzoni lilikuwa linarudi baada ya dakika chache, nami naliandika tena bila kugombana nalo. Ikifika jioni, mengi yamekwisha kupoa. Yapo yanayonifanya nijiulize yaliniumizia nini asubuhi.

Yaliyobaki ndiyo yenye kazi, na hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wenzangu wasiruke hatua. Andika wazo kwa sentensi nzima, kama linavyosema lenyewe. Daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, katika miaka ya 1960, aliona kwamba wagonjwa wake wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, walikuwa na mawazo yanayopita haraka, yasiyoitwa, na ambayo mwenyewe huyaamini bila kuyahoji. Kasi hiyo ndiyo nguvu yake. Kalamu inayapunguza mwendo. Kichwani ninasikia uzito tu kifuani; kwenye karatasi nakuta nimeandika, "Nimeshindwa maisha." Hapo naweza kuuliza: leo kimetokea nini hasa? Nimechelewa kukamilisha kazi moja, na msimamizi amenijibu kwa mkato. Hayo mawili nayajua. Kwamba ananidharau, nimekisia. Kwamba mwaka ujao sitakuwa na kazi, nimekisia zaidi. Nikishatenganisha ninachojua na ninachokisia, natafuta kama kuna la kufanya kesho. Likiwepo naliandika pamoja na saa yake. Lisipokuwepo, naandika "hakuna la kufanya kwa sasa", na sentensi hiyo peke yake imenipumzisha mara nyingi kuliko dua za kujifariji.

Sijiandikii sifa. Kuna wanaoshauri ujirudie, "Mimi ni hodari, mimi napendeka." Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walichunguza jambo hilo mwaka 2009, wakakuta kwamba watu wasiojithamini walijisikia vibaya zaidi baada ya kurudia maneno ya aina hiyo. Sishangai. Moyo uliovunjika hauamini sifa usizokuwa na ushahidi nazo, lakini unaweza kukubali ukweli mdogo.

Nusu saa ikiisha nafunga daftari na kusimama, hata kama jambo halijaisha. Susan Nolen-Hoeksema, aliyetafiti tabia ya kutafuna huzuni ileile mara kwa mara, alionyesha kwamba wanaoitafuna hukaa nayo muda mrefu zaidi. Daftari lisilo na mwisho linaweza kugeuka kuwa mahali pa kutafunia. Kwa hiyo natoka na kutembea kwa miguu, au nashika kazi inayotaka mikono. Usingizi wa kutosha na kuweka simu mbali usiku vinasaidia pia, ingawa hayo mmeyaandika mara nyingi.

Mazoea haya yana mpaka wake. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukidumu karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, mwone daktari au mshauri wa afya ya akili. Mawazo ya kujidhuru yakija, usiyasogeze jioni. Mwambie mtu saa hiyohiyo na utafute msaada.

Huenda mwenye watoto wadogo au zamu mbili za kazi akasema nusu saa haipatikani. Namwelewa. Achukue dakika kumi, hata akiwa amekaa ndani ya basi, mradi ziwe zilezile kila siku. Muda unaweza kufupishwa. Asichopaswa kuacha ni kuandika, na kufunga daftari muda ukiisha.