Masters Tanzania kwa digrii ya India: unaombea TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) au chuoni?

Unaomba chuoni moja kwa moja, kwenye mfumo wa mtandaoni wa chuo chenyewe. Ila kwa kuwa digrii yako ni ya India, TCU unaihitaji kwa jambo jingine: kuitambua rasmi hiyo digrii. Anza na hilo leo, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, maana hapo ndipo wengi wanapochelewa. Andaa cheti, transkripti ya miaka yote (si ya mwaka wa mwisho pekee) na pasipoti.

Usijigeuzie CGPA (wastani wa alama zako) ya kipimo cha 10 kuwa GPA ya kipimo cha 5 kwa kugawa kwa mbili. Ijaze kama ilivyo kwenye transkripti. Hapa Tanzania daraja la pili la chini (lower second) huanzia GPA ya 2.7, na baadhi ya kozi hudai zaidi, kwa hiyo soma sifa za kozi yenyewe.

Jina likitofautiana kati ya cheti cha kidato cha nne na digrii, hata herufi moja, nenda kwa wakili upate kiapo mapema. Wadhamini wa kitaaluma (referees, yaani wanaokupendekeza chuoni) wapigie simu kwanza, kisha ujaze barua pepe zao za kazini. Fomu zao za mapendekezo zisiporudi, ombi lako hubaki pungufu hata kama ada umelipa.