Wadogo zangu watarajali, "Ca" si jina la ugonjwa

Juzi Jumanne kwenye raundi, daktari mtarajali mmoja, bado mwaka wa kujifunza kazi, alisimama kando ya kitanda cha mzee kutoka Magu, akafungua faili, akasoma kwa kujiamini: "Ca ini, steji ya nne." "Ca" ndicho kifupi chetu cha saratani. Nikamuuliza: ini limeanza lenyewe, au limeletewa? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza bei ya sato pale Kirumba. Majibu ya bayopsi, kile kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa, yalikuwa humo humo, ukurasa wa pili, yameandikwa adenokarsinoma, yaani saratani ya seli za tezi, na endoskopi, kamera ya kuingizwa tumboni, ya wiki iliyotangulia ilishaona kidonda tumboni. Mzee ana saratani ya tumbo iliyohamia kwenye ini. Hiyo haiitwi saratani ya ini.

Ni mara ya nne mwaka huu nasikia kitu hicho hicho kutoka kwa mtu tofauti. Nilitaka kufoka, nikakumbuka yangu, nikanyamaza. Yangu iko namba 2. Tuanze.

1. Ulizeni kwao ni wapi. Mkerewe akihamia Igoma akafungua duka, bado ni Mkerewe. Saratani ya tumbo ikienda kwenye ini, mapafu au mifupa, seli zake zinabaki za tumbo na dawa zake zinabaki za tumbo. Ukishajua kiungo, uliza ukoo wa seli. Karsinoma zinaanzia kwenye ngozi na tando zinazofunika viungo, na ndizo nyingi kuliko zote kwa watu wazima. Humo ndani kuna za seli bapa na kuna adenokarsinoma za tezi. Sarkoma ni za mifupa, misuli, mafuta na mishipa. Lukemia, limfoma na mieloma ni za damu na kinga. Haya mliyasoma, mkafaulu mtihani, mkayaacha chuoni. Ndiyo maana naona "Ca umio" tupu kwenye fomu, wakati umio una karsinoma ya seli bapa, na ule mwisho wake karibu na tumbo una adenokarsinoma, na hayo ni magonjwa mawili.

Na tafadhali, "oma" ya mwisho wa jina isiwatie wazimu. Mwaka jana kijana wa bodaboda aliambiwa na mmoja wenu kwamba ana "lipoma, lakini tutapambana". Lipoma! Kinundu cha mafuta begani! Kijana alishapiga simu nyumbani Kwimba kuaga. Hematoma ni damu iliyoganda. Granuloma si saratani kabisa. Halafu melanoma na limfoma, zenye jina la upole vile vile, ndizo za kuogopa. Jina halina huruma, lisomeni lote.

2. Gredi siyo steji. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nilikuwa mtarajali, mwezi wa tatu, hospitali siitaji. Akaja mama mmoja mchuuzi wa dagaa kutoka ng'ambo, upande wa Sengerema. Mikono yake ilikuwa inanukia dagaa hata baada ya kunawa kwa sabuni, na kila ukimkaribia anaomba radhi. Uvimbe titi la kushoto, sentimita tatu, unateleza chini ya vidole. Kwapani hamna kitu. Picha ya kifua safi, altrasaundi ya tumbo safi. T2 N0 M0 (T ni uvimbe, N ni tezi, M ni kusafiri), yaani steji ya pili A, hata ukiamshwa usiku wa manane unajibu. Bayopsi ikarudi: karsinoma vamizi ya mifereji ya maziwa, gredi 3.

Bingwa alikuwa chumba cha upasuaji, foleni imefika kwenye ngazi, na mimi nilitaka nionekane naweza. Nikamkalisha. "Mama, majibu yametoka. Ni saratani, na iko hatua ya tatu."

Akakunja pindo la khanga yake juu ya goti, akalikunjua, akalikunja tena.

"Hatua zake ziko ngapi, mwanangu?"

"Nne, mama."

"Kwa hiyo nimebakiza moja."

Nikacheka kile kicheko cha kutafuta pa kutokea, nikasema tutajitahidi, Mungu yupo. Nikampa tarehe ya upasuaji. Kwenye faili nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri ambao nilikuwa najivunia: "Ca titi kushoto, hatua III." Nikaita anayefuata.

Gredi ni sura ya seli chini ya darubini. Kwa titi, mpatholojia, daktari anayesoma hiyo darubini, anatazama mambo matatu: kama seli bado zinajipanga kuwa vijifereji, viini vyake vimeharibika kiasi gani, na zinagawanyika kwa wingi gani. Kila moja anaipa alama 1 mpaka 3, anajumlisha. 8 na 9 ndiyo gredi 3, na hapo ndipo mwisho, hakuna gredi 4 ya titi. Steji, yaani hatua, ni kitu kingine kabisa: uvimbe ukubwa gani, tezi zipi zimeguswa, imesafiri au haijasafiri. Gredi ni tabia ya mwizi, steji ni nyumba ngapi ameshaingia. Mama yule alikuwa na mwizi mkali aliyekuwa bado yuko chumba kimoja. Mimi nikamwambia amemaliza mtaa.

Siku ya upasuaji hakuja. Simu haikupatikana. Tukaandika "hakutokea", kama mnavyoandika nyinyi, na kitanda kikapewa mwingine.

Alirudi baada ya miezi saba, kashikwa mkono na binti yake, wamevuka na kivuko cha Kamanga alfajiri. Binti ndiye aliyesimulia. Mama alipofika nyumbani aliuza mtumbwi na vichanja vya kuanikia dagaa, akamlipia kitinda mimba ada ya mwaka mzima, akawagawia shamba, akakaa kusubiri. Mtu aliyebakiza hatua moja hakatwi titi kwa hela ya watoto. Ila kifo hakikuja. Kilichokuja ni kidonda. Titi lilikuwa limepasuka, tezi za kwapani zimegandana. Tukampima upya kabla ya kuanza tiba: T4b N2 M0. Steji ya tatu B. Ile tatu niliyomtajia kwa kukosea, sasa ilikuwa ya kweli.

Bingwa wetu, mama wa maneno machache, alilitoa faili la zamani. Akaweka majibu ya bayopsi upande mmoja na maandishi yangu upande mwingine, akanigeuzia yote mawili. Akaweka kidole kwenye neno gredi, akakisogeza mpaka kwenye neno hatua. Basi. Akatoka, akaniacha na karatasi zangu.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri, na nilipoupata niliongea haraka haraka huku natazama dirishani. Nilingoja anitukane. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe mtumbwi wangu niliuuza bure."

Alipata kemo, zile dawa za kuua seli za saratani, akafanyiwa upasuaji, akaenda mionzi. Aliishi miaka minne. Steji ya pili ingemwachia zaidi, na hilo silipunguzi makali kwa ajili ya kujifariji.

Sasa mkiona nawarudisha mwandike upya "gredi 3 kati ya 3, steji IIA" yote kwa maneno kamili, mkanung'unika kwamba nawachelewesha chakula cha mchana, ndiyo sababu.

3. Si kila namba inasomwa kwa kipimo cha titi. Tezi dume ina Gleason, alama mbili za sura ya seli zinazojumlishwa: 3+4 na 4+3 zote zinafika 7, lakini ya pili ni mbaya zaidi, maana namba ya mbele ndiyo iliyotawala. Anayeniandikia "Gleason 7" nitamrudishia. Limfoma nyingi hazina T wala N, zinapangwa kwa mfumo wa Ann Arbor, na kwa nyingi kati yake steji ya nne bado inatibika. Lukemia hazina steji hizo kabisa. Uliza kama ni kali au sugu, na ni ya seli za ukoo gani.

4. Mtoto mwenye taya lililovimba na meno yanayolegea si wa kupewa amoksisilini na "rudi baada ya wiki mbili". Mnaishi kando ya Ziwa Victoria, ambalo ng'ambo yake ya juu, pale Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliandika habari za watoto hao hao mwaka 1958. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kikagunduliwa ndani ya seli za uvimbe huo. Kirusi hicho watoto wengi wa huku wanakipata mapema, malaria ya kila mara inavuruga kinga, na seli moja ya limfu inaasi. Limfoma ya Burkitt inaweza kujizidisha mara mbili kwa siku moja au mbili. Wiki mbili! Hesabuni wenyewe. Nilimwona mmoja kutoka Ukara, taya lilikuwa kama ndimu siku ya Ijumaa, Jumatatu jicho lilikuwa limesukumwa nje. Ukifikiria Burkitt, simu ipigwe leo. Na msianze kemo kabla ya maji ya mishipani, uvimbe ukiyeyuka kwa pupa unaua figo. Mtoto wa Ukara, kwa taarifa yenu, yuko sekondari na anacheza winga.

5. Damu kwenye mkojo: uliza alikoga wapi utotoni. Watu wa ufukweni na visiwani wanapata zaidi kichocho cha tumbo. Kile cha mkojo, kinachotaga mayai kwenye kibofu, ni cha malambo na majaruba ya mpunga, bara kule Kwimba na Misungwi. Miaka mingi ya kichocho hicho huzaa saratani ya kibofu ya seli bapa, tofauti na ile ya wavuta sigara inayoanza kwenye utando wa kawaida wa njia ya mkojo. Kiungo kimoja, koo mbili. Nilimsikia mmoja wenu akimhoji mzee wa Ngudu robo saa nzima kuhusu sigara ambazo hajawahi kuvuta.

6. Kaposi, saratani ya madoa na vinundu vya ngozini, ni sarkoma kwa jina, lakini msiipeleke kwa mpasuaji kama ya mfupa. Mara nyingi huja na VVU, pima VVU kwanza.

7. Sampuli ya bayopsi iende kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa nyama, kopo la mdomo mpana, saa iandikwe. Maji ya chumvi ni ya dripu, si ya sampuli.

8. Fomu. Wiki hii imetoka wodi moja fomu yenye maneno matatu tu: "Uvimbe. Naomba majibu." Hakuna umri, hakuna kiungo, hakuna upande. Mpatholojia wetu ni mtu mpole, anasali, hasemi neno baya. Aliirudisha na kalamu nyekundu chini yake: "Nami naomba maswali." Aliyeiandika anajijua. Mwenye uvimbe ni mama wa Nansio, amelala kwa shemeji yake Buhongwa siku ya tano sasa anangoja, na nauli ya meli ya kurudia imeshakwenda kwenye chakula. Fomu iko mezani kwangu. Njoo uijaze kabla ya saa nane.