Kutoa msimbo si hisani

Umeuliza kampuni inapata nini ikitoa bure msimbo wa programu (maandishi ya waandaaji programu) ilioulipia mishahara. Mara nyingi inakwepa gharama tu. Netflix husambaza video kwa seva zinazotumia FreeBSD, mfumo endeshi unaotolewa bure, na leseni ya mfumo huo haimlazimishi mtu kurudisha chochote. Bado wanarudisha marekebisho yao, maana ukibaki na kiraka chako peke yako, kila toleo jipya likitoka unakaa kukishonea upya. Niliwahi kuifanya kazi hiyo, ni adha tupu.

Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, ni habari nyingine: leseni yake ya GPL inakutaka, ukiisambaza programu uliyoibadili, uwape na msimbo wale uliowapa.

Ila kuna kutoa na kutupia. Apple ilijenga WebKit, injini inayoonyesha kurasa za wavuti ndani ya kivinjari chake cha Safari, kutokana na KHTML, injini kama hiyo ya KDE, mradi wa programu huria, na ilipoitangaza mwaka 2003 msimbo ulitolewa kama leseni inavyodai. Tatizo, mabadiliko yalikuja furushi zima, bila kuonyesha kipi kilibadilishwa lini na kwa nini. Watu wa KDE walilalamika kwamba hayachambuliki. Mwaka 2005 ndipo Apple ikaifungua hazina yenyewe ya msimbo, kila mtu aone.