Viti vya enzi vya Danieli 7: usiishie kwenye nomino

Ukipewa zamu ya kufundisha Danieli 7, usifungue kamusi, ukasoma "kiti cha enzi", ukafunga. Sehemu hiyo, kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, iliandikwa kwa Kiaramu, na nomino yenyewe haina fumbo. Ni korse, wingi wake korsawan. Katika Biblia nzima inatokea mara 3 tu: Danieli 5:20, Nebukadneza anaposhushwa katika kiti cha ufalme wake, na mara 2 ndani ya 7:9. Ni ndugu wa kisse ya Kiebrania na kursi ya Kiarabu, ile ambayo jirani zetu Waislamu wanaitaja wakisoma Ayatul Kursi.

Kazi iko kwenye kitenzi kinachoifuata, remiw. Asili yake ni kutupa. Ndicho kinachotumika Shadraka na wenzake wanapotupwa katika tanuru, na Danieli katika tundu la simba. Kwa hiyo Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikasema viti viliangushwa chini, na wapo wanaohubiri kutokana na hapo kwamba falme zinapinduliwa.

Mimi darasani huomba tufungue kwanza Ezra 7:24. Kitenzi ni kile kile, lakini habari ni ya makuhani na Walawi kutotozwa kodi. Kodi huwekwa juu ya mtu. Tukirudi Danieli 7:9 tunasoma bila kukatiza: viti vinawekwa, Mzee wa Siku anaketi, na katika mstari wa 10 hukumu inawekwa na vitabu vinafunguliwa. Ni baraza linaandaliwa. Wafasiri wa kale wa Kigiriki waliandika "viliwekwa", na Biblia yetu ya Union inasema vivyo hivyo. Naiamini tafsiri hiyo kabisa.

Wingi ule nao usiupite haraka. Viti ni vingi, aketiye ni mmoja. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia kwamba Rabi Akiba alisema kimoja ni cha Mungu na kingine cha Daudi, akakemewa na mwenzake. Swali hilo liache lizungumzwe, kisha msome mstari wa 13 na 14, pale mfano wa mwanadamu anapopewa mamlaka.

Kama programu yako ya Biblia ina namba za Strong, zile zinazotambulisha kila neno la lugha ya asili, korse ni 3764. Fungua pia 7412, ile ya kitenzi, na usome kila mstari inaoutaja kabla hujaandika somo.