Amina Sitini, Hodi Hata Moja Hakuna

Mama mmoja wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, anaandika usiku katika kundi la kanisa: "Wapendwa, niombeeni, mtoto amelazwa." Kufikia asubuhi amejibiwa Amina sitini. Hodi hakuna. Si kwamba watu hawana huruma. Kundi lina washiriki mia nne, na kila anayeona Amina zote hizo huamini mwingine ameshafika hospitalini.

Makanisa mengi ya Nairobi huteleza hapo: kundi la matangazo limeachiwa kazi ya ushirika. WhatsApp huruhusu hadi watu 1,024 katika kundi moja, lakini hakuna mzee wa kanisa awezaye kuwajulia hali wote hao. Tenganisheni mambo. Kundi kubwa libaki la ratiba na matangazo ya misiba, wasimamizi pekee wakiruhusiwa kuandika. Kujuliana hali kufanywe na vikundi vya nyumba 8 hadi 12 zilizo karibu, kwa mfano wanaoshukia steji moja. Wakatoliki wamekuwa na jumuiya ndogo ndogo tangu miaka ya 1970, waulizeni wanavyozipanga.

Kila kikundi kiwe na daftari. Andikeni jina, simu, ploti, nambari ya mlango, na saa ambayo mtu hupatikana, maana askari wa zamu ya usiku hulala mchana. Andikeni pia jina analoitwa mtaani, jambo linalosahaulika sana. Mlinzi wa lango hamjui Beatrice. Anamjua Mama Kevo. Wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, watiwe alama, kwa sababu hawamo WhatsApp kabisa, na wengi wao ni wazee.

Jumapili jioni, mwenye daftari apitie majina. Asiyeonekana kanisani Jumapili moja atumiwe ujumbe. Mara mbili mfululizo, apigiwe simu kabla ya Jumatano. Mara tatu, watu wawili waende kwake.

Mazungumzo ya simu ndiyo huharibika zaidi. Usianze na "Mbona umepotea?" Aliyeachishwa kazi, asiye na nauli wala sadaka, husikia ameshtakiwa, na simu ya pili hataipokea. Sema: "Jumapili hatukukuona, nikasema nikujulie hali. Nyumbani wako salama?" Kisha nyamaza. Atajibu "tuko salama tu" kwa mazoea, usikimbilie kuaga. Habari yenyewe huja baadaye kidogo, na mara nyingi ni kodi ya nyumba.

Ibada ya mtandaoni tusiidharau. Makanisa yalipofunguliwa tena Julai 2020, wakati wa korona, watu 100 tu waliruhusiwa kwa saa moja, na waliozidi miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Simu iliwafaa sana. Lakini mzee anayefuata ibada kwa simu ya mjukuu bado anahitaji kushikwa mkono.

Mchango ukiombwa kundini, mpigie mwenye shida kwanza umsikie sauti. Matapeli huteka akaunti kwa kumshawishi mtu awape tarakimu 6 za uthibitisho, kisha huomba pesa kwa jina lake. Kabla ya kutuma kwa M-Pesa, hakikisha jina linalotokea ni lake.

Mkienda kumwona mgonjwa, bebeni unga na sukari, mkae nusu saa. Msipige picha ya kitanda. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti, na hata bila sheria, mgonjwa hakuwaita mje kumwanika. Mkiondoka, muulizeni ni nani anayemchotea maji, kisha mwandike jina la jirani huyo daftarini.